Kabla Hujalipa Ada ya Chuo cha Upishi

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, simu za mawakala wa vyuo huanza kuita. Vipeperushi hubandikwa hadi kwenye nguzo za umeme: hoteli, utalii, mapishi, nafasi chache zimebaki, ajira uhakika. Picha haibadiliki mwaka hadi mwaka. Kijana amevaa kofia ndefu nyeupe, anacheka, na kifuani hana hata doa moja la mafuta.

Mimi ni mtu wa jikoni, na wanafunzi wa fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, hupita mikononi mwangu kila msimu. Siku ya kwanza humpa mgeni kisu na gunia la vitunguu. Gunia halijafika nusu nimeshajua chuo alikotoka kina jiko au kina ubao tu. Ndiyo maana mwongozo huu una msimamo wake: chuo cha upishi kinapimwa kwa jiko lake la mafunzo na kwa mahali kinakowapeleka watoto fildi. Majengo, jina la Kizungu na uzuri wa karatasi ya cheti vifuate baadaye. Nimeandika nikiifikiria zaidi Tanzania. Pale Kenya inapotofautiana, nimesema.

1. Amua kwanza unataka kupika wapi

Ukisema "nataka kuwa shefu" bado hujasema kitu. Jiko la hoteli ya mjini, kambi ya watalii Serengeti, mgahawa wa ufukweni Nungwi, kiwanda cha mikate, kampuni ya kupikia harusi na banda lako mwenyewe la chakula ni kazi mbalimbali, na kila moja ina njia yake ya kuingilia.

Anayetaka kuoka keki na mikate auze mtaani kwake hahitaji kukaa darasani miaka miwili. Kozi fupi ya uokaji, hata ya miezi mitatu, itamfikisha, na pesa inayobaki anunue oveni. Anayetaka tenda za harusi na misiba anahitaji kujua kupika kwa wingi, kukokotoa gharama na kusafirisha chakula kisiharibike njiani. Anayelenga hoteli kubwa, meli au kazi ya Uarabuni huyo anahitaji cheti kinachotambulika, Kiingereza cha kueleweka, na fildi iliyofanyika kwenye hoteli ambayo meneja wa huko Muscat au Dubai anaweza kuipigia simu.

Kisha onja kazi yenyewe kabla ya kujaza fomu. Nenda mgahawa wowote wenye wateja, omba kuosha vyombo na kumenya kwa wiki mbili. Utasimama saa nane au tisa mfululizo. Utapata joto, utaungua kidogo, utafokewa. Utajua kwamba Krismasi na Idd, wakati watu wako nyumbani na ndugu zao, ndipo jikoni panapochemka. Wapo wanaogundua kwamba wanachopenda ni kupamba sahani na kuipiga picha, na kwamba kulisha watu mia mbili ni jambo jingine. Heri ugundue hivyo kabla mzazi hajauza ng'ombe.

Kuna swali moja watu huona haya kuliuliza. Hoteli nyingi za kitalii hupika nguruwe na hutumia mvinyo kwenye michuzi, kwa hiyo vyuo vinavyoandaa watu wa hoteli huvigusa vyote viwili. Kama wewe ni Muislamu, muulize mkuu wa idara mapema: naruhusiwa kutoonja? Siku ya mtihani wa vitendo naweza kupangiwa nyama nyingine? Chuo kilichozoea wanafunzi wa dini zote huwa na utaratibu, na watakueleza bila kusitasita. Usisubiri hadi siku ya mtihani ndipo uanze kubishana mbele ya msimamizi.

2. Soma jina la kozi mara mbili

Hapa watu hupotea kirahisi. Kwenye fomu nyingi kozi ya jikoni imeandikwa Food Production. Ile inayoitwa Food and Beverage Service ni ya uhudumu: meza, glasi, vinywaji, kupokea oda. Hotel Management ni uendeshaji wa hoteli kwa jumla, na ndani yake upishi ni somo moja kati ya mengi. Nimepokea vijana wenye diploma ya usimamizi wa hoteli wanaoamini wamesomea upishi, na hawajawahi kuchuna kuku.

Ngazi nazo zieleweke. Upande wa ufundi stadi Tanzania kuna vyeti vya NVA, ngazi ya kwanza hadi ya tatu, na huko ndiko mikono inakofanya kazi zaidi. Upande wa vyuo vya kati kuna ngazi za NTA: ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 ni astashahada, ya 6 ni stashahada, yaani diploma. Kuingia NTA 4 kwa kawaida unatakiwa ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, masomo ya dini hayahesabiwi. Kenya utakutana na artisan, craft na diploma, pamoja na majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, yanayopanda kutoka Grade III hadi Grade I.

Kama lengo lako ni kupika, sioni sababu ya kudharau NVA kwa kuwa jirani ana mtoto wa diploma. Diploma itakusaidia siku ya kugombea usimamizi. Siku ya kuomba kazi ya komi, yaani mpishi wa ngazi ya chini kabisa, shefu ataangalia unavyoshika kisu.

3. Hakiki usajili kabla hujapanda basi

Tanzania Bara msimamizi ni NACTVET, baraza ambalo zamani lilikuwa NACTE na sasa linasimamia ufundi na ufundi stadi kwa pamoja. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ambayo wengi bado wanaidhania ndiyo inayosajili vyuo vyote vya ufundi, imebaki kuwa na vyuo vyake na kufundisha. Orodha ya vyuo vilivyosajiliwa iko kwenye tovuti ya NACTVET. Zanzibar, kwa ufundi, ulizia Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Kenya ni TVETA, mamlaka inayosajili vyuo vya ufundi, na uulize pia mtihani wa mwisho unatolewa na nani: KNEC ambalo ni baraza la mitihani la taifa, CDACC ambalo ni baraza la mitaala na mitihani ya ufundi, au chuo chenyewe.

Unapotafuta jina, hakikisha mambo matatu. Chuo chenyewe kimo? Tawi unalokwenda kusoma limo, au lililosajiliwa ni la mkoa mwingine? Na kozi yako imo? Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kihalali kwa kompyuta na ukatibu muhtasi, kikaongeza mapishi mwaka huu kwa kubandika bango.

Wakikuambia cheti chao ni "cha kimataifa", waulize kinatolewa na taasisi gani ya nje. City & Guilds ya Uingereza, kwa mfano, ni ya kweli na inajulikana, lakini chuo kinachotoa vyeti vyake lazima kiwe kimeidhinishwa nayo, na hilo linaulizika kwao moja kwa moja kwa barua pepe. Neno "international" kwenye geti halina mlinzi, kila mtu analichukua.

Kama hujui pa kuanzia, anza na hivi. Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi za Bustani na Temeke jijini Dar es Salaam, na nyingine Arusha na Mwanza. VETA wana chuo maalumu cha hoteli na utalii Njiro, Arusha, mbali na vyuo vyao vya mikoa ambavyo baadhi vina kozi ya mapishi. Zanzibar, SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wana skuli ya utalii Maruhubi. Kenya Utalii College ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, imetoa wapishi waliosambaa Afrika Mashariki yote, na pia pale Nairobi kuna Boma International Hospitality College. Siwapigii debe. Hata hivi vipime kwa hatua inayofuata.

4. Fika chuoni siku ya vitendo

Hatua hii ndiyo yenye uzito, na ndiyo wengi wanairuka.

Usiende siku ya maonesho, wala siku waliyokualika wao. Siku hizo kila kitu kimeoshwa. Piga simu, uliza darasa la mwaka wa kwanza lina vitendo siku gani, kisha fika asubuhi hiyo na uombe kutazama kwa nusu saa. Chuo kinachojiamini hakikatai. Pengine watakupa koti na kofia, wakusimamishe pembeni usiwe njiani. Wakikuzungusha, leo mwalimu hayupo, kesho kuna kikao, wiki ijayo jiko linapakwa rangi, basi ushapata jibu lako.

Ukishaingia, hesabu. Wanafunzi wangapi, majiko yanayowaka mangapi? Wanne kwa jiko moja watapokezana. Wakiwa kumi na watano, wawili watapika, watatu watashika sufuria, waliobaki watarekodi kwa simu. Angalia nani ameshika kisu. Kuna vyuo ambavyo vitendo maana yake ni mwalimu kupika mbele na darasa kuandika. Kuonyeshwa ni sawa kwa nusu saa ya mwanzo, halafu kila mmoja arudie kwa mikono yake, aharibu, aelezwe alipokosea, apike tena.

Sasa shusha macho kwenye vitu vidogo. Kuna sinki la kunawia mikono peke yake, na sabuni ipo kweli? Mbao za kukatia zina rangi zake, nyekundu ya nyama mbichi, buluu ya samaki, kijani ya mboga na matunda, au wote wanakatia juu ya gogo moja lililochimbika? Fungua friji kama wanaruhusu. Inatakiwa isizidi nyuzijoto 5, na friza iwe chini, kwenye -18. Muulize mwanafunzi yeyote kuku wa kuokwa anajulikanaje kwamba ameiva. Akikujibu kwa kipimajoto, kwamba katikati ya paja pafike nyuzi 74 au 75, huyo amefundishwa. Akisema "unachoma na uma unaangalia maji yake", amefundishwa na mama yake, na mama yake hajakosea, lakini hiyo ada ililipiwa nini?

Tafuta mizani. Naisema kwa msisitizo kwa sababu ndicho kifaa kinachokosekana zaidi. Bila mizani mapishi hayarudiki. Keki ya leo itafanana na ya kesho kwa bahati, na gharama ya sahani haitajulikana kamwe. Tazama pia kizima moto kiko wapi, blanketi la moto lipo, na moshi una njia ya kutokea.

Ukipata nafasi, msogelee mwanafunzi mwalimu akiwa mbali. "Samahani kaka, wiki iliyopita mlipika nini?" Anayepika hujibu papo hapo, na malalamiko juu: "Supu ya boga na kuku, ila vitunguu vyangu viliungua nikaambiwa nianze upya." Asiyepika atakutajia jina la somo. Muulize pia samaki mmoja huwa wanagawana wangapi. Mtu akimaliza muhula mzima hajawahi kumtoa samaki mifupa peke yake, jikoni kwetu atajifunzia kwenye changu wa mteja, na hilo halimfurahishi mtu.

Swali la mwisho la siku hiyo ni chakula cha vitendo huenda wapi. Vyuo vilivyokamilika vina mgahawa au hoteli ya mafunzo inayopokea wateja wa nje. Kenya Utalii wana Utalii Hotel palepale chuoni, na chuo cha VETA cha Njiro nacho kina hoteli yake. Mteja anayelipa hufundisha jambo ambalo mwalimu hawezi: oda tatu zimeingia pamoja, moja haina kitunguu, nyingine ina mtoto anayelia, na muhudumu anapiga kelele dirishani. Kama chuo hakina mgahawa, wapishi wanafunzi walishe angalau wenzao wa bwenini kwa zamu. Chuo ambacho chakula cha vitendo kinaonjwa na walimu kisha kinamwagwa, kaa nacho mbali.

5. Waulize walimu walipika wapi, na wanafundisha nini

Mwalimu mwenye shahada ambaye hajawahi kufunga jiko saa sita usiku atakufundisha kupika kama mtu anavyofundisha kuogelea akiwa ufukweni. Uliza wazi, kwa adabu: "Mwalimu, shikamoo. Kabla ya kufundisha ulikuwa jiko gani?" Walimu wa kweli wanalipenda swali hili. Wataanza kukutajia hoteli, mashefu na visa vyao, na itabidi wewe ndiye uage.

Kuhusu mtaala, jiko la hoteli bado linafuata mpangilio aliousimika Mfaransa Auguste Escoffier zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Chini ni komi, juu yake demi shefu, kisha shefu de pati anayeshika sehemu moja ya jiko, halafu su shefu ambaye ni msaidizi wa shefu mkuu, na juu kabisa shefu mkuu. Michuzi mama, yaani ya msingi inayozaa mingine, ni mitano: beshameli, velute, espanyole, holandezi na wa nyanya. Yajue majina haya na namna ya kuyapika, kwa sababu ndiyo lugha utakayofokewa nayo, Arusha au Doha.

Ila usiishie hapo. Hoteli za pwani na Zanzibar zina usiku wao wa chakula cha Kiswahili, bafe nzima: pilau, samaki wa kupaka, mchuzi wa pweza, mahamri, mbaazi za nazi. Mgeni katoka Milan au Warsaw kuja kula hivyo. Halafu pale jikoni kijana mwenye cheti kipya anajua holandezi lakini hajui tui la kwanza na la pili yanaingia sufuriani wakati gani. Waulize kama wanafundisha vyakula vya nyumbani kwa kipimo na kwa wingi. Kupikia watu mia mbili pilau isiyoshika chini ni ujuzi kamili, na ndio utakaokulisha siku ukifungua kampuni yako ya harusi.

Jambo la tatu ni hesabu. Waulize kama kuna somo la gharama za chakula na linafundishwa mwaka gani. Mfano mdogo: umenunua samaki mzima kilo 10 kwa shilingi 10,000 kilo moja. Umelipa 100,000. Ukishatoa kichwa, magamba, matumbo na mifupa, umebaki na minofu kilo 5. Basi kilo ya mnofu haikukugharimu 10,000, imekugharimu 20,000. Hoteli nyingi hutaka gharama ya vyakula isizidi karibu theluthi moja ya bei ya sahani. Mpishi asiyejua mahesabu haya atabaki kuwa mkataji, na akifungua biashara yake itakufa huku wateja wamejaa. Hilo nimeliona mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Lugha nayo. Maelekezo ya jikoni kwenye hoteli za kitalii ni ya Kiingereza, na orodha ya oda ni hivyohivyo. Chuo kinachotenga vipindi vya Kiingereza cha kazi kimekufikiria. Zanzibar, Kiitaliano kidogo hakijawahi kumdhuru mtu.

6. Chunguza fildi kama unavyochunguza ada

Fildi, au atachimenti kama wanavyoita Kenya, ndiyo mlango wa ajira. Hoteli haipendi kuajiri mtu isiyemjua. Ikimpenda mwanafunzi wa fildi, humpigia yeye nafasi ikipatikana.

Maswali ni haya. Fildi ni miezi mingapi, na ni mara ngapi katika kozi? Nani anatafuta nafasi, chuo au mwanafunzi na barua yake mkononi? Chuo kina makubaliano ya maandishi na hoteli zipi? Usikubali "tunafanya kazi na hoteli kubwa zote". Omba majina matatu, kisha zipigie simu hizo hoteli, ofisi ya rasilimali watu, uulize kama wanawapokea. Mwalimu atakuja kunikagua mara ngapi? Nikiumia kazini, matibabu ni juu ya nani? Nauli na chakula je?

Na hili watu wa nje ya kazi hawalijui: uliza fildi inaangukia miezi gani. Msimu wa watalii Kaskazini ni Juni hadi Oktoba, na tena kuanzia Desemba. Masika, Machi hadi Mei, kambi nyingi hupunguza wageni, na Zanzibar baadhi ya hoteli hufunga kabisa Aprili na Mei kwa ukarabati. Mwanafunzi aliyepangiwa fildi Aprili atajifunza kusugua oveni na kupaka rangi stoo. Aliyepangiwa Julai atalala akiwa hoi, lakini atarudi chuoni anajua kazi. Kama ratiba ya chuo inawatupa wote masika, uliza kama unaweza kupelekwa hoteli ya mjini inayotegemea mikutano na wasafiri wa kikazi. Huko jiko haliangalii sana mvua.

Ukishafika fildi, omba kuzungushwa. Wengine hukaa miezi yote mitatu kwenye saladi kwa sababu walinyamaza. Wiki mbili saladi na vyakula baridi, wiki mbili nyama na samaki, wiki mbili uokaji, wiki mbili kifungua kinywa, angalau. Kitabu chako cha kumbukumbu kijazwe siku hiyohiyo na kisainiwe kila wiki. Shefu akihama hoteli katikati ya fildi, na mashefu huhama sana, hakuna mwingine atakayeshuhudia ulichofanya.

7. Piga hesabu yote, si ya ada peke yake

Kwa miaka mingi ada ya kozi ndefu kwenye vyuo vya kawaida vya VETA imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Vyuo maalumu vya hoteli na vyuo binafsi viko juu zaidi, vingine mbali sana. Lakini ada ndiyo sehemu inayoonekana tu. Omba fomu ya kujiunga kabla ya kulipa chochote, na uisome yote. Humo utakuta koti la mpishi na suruali, pea mbili kwa sababu moja iko kwenye maji, aproni, kofia, viatu vilivyofunikwa visivyoteleza, seti ya visu, mchango wa vyakula vya vitendo, ada ya mtihani, kipimo cha afya, kitambulisho, bima. Kipimo cha afya hakikwepeki. Anayeshika chakula cha watu hupimwa, na cheti hicho hurudiwa ukiwa kazini. Kenya ni kila baada ya miezi sita.

Usinunue visu vya bei mbaya mwaka wa kwanza. Kisu kimoja kizuri cha shefu, kidogo kimoja cha kumenyea, na cha kunolea. Vingine vitaibiwa au vitapotea.

Mchango wa vyakula ndio wenye ujanja. Kuna chuo kinatoza ada ndogo, halafu kila wiki mnachangishwa kununua kuku. Uliza: vyakula vya vitendo vimo ndani ya ada? Kama havimo, ni kiasi gani kwa muhula, na asiye nacho siku hiyo anafanyaje? Kama jibu ni kwamba anatazama wenzake, umeshajua ada yao halisi.

Malipo yapitie benki au namba ya kumbukumbu ya malipo, risiti ibaki nawe. Chuo cha serikali hakitakuambia utume pesa kwenye namba ya simu ya mtu. Kwa Kenya, mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha umma anaweza kuomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na nafasi zenyewe hupitia KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo.

8. Simama lango la wafanyakazi

Zamu ya asubuhi kwenye hoteli nyingi hutoka kama saa tisa alasiri. Nenda hoteli unayoiota, zunguka nyuma, subiri lango la wafanyakazi. Wapishi utawajua kwa suruali za mirabamiraba na harufu ya vitunguu saumu. "Kaka, dada, samahani, mlisoma wapi?" Uliza watatu au wanne, kisha uliza hoteli nyingine. Chuo kinachotajwa mara kwa mara na watu ambao tayari wana kazi kina thamani kuliko bango lolote. Usishangae pia ukisikia wengine hawakusoma popote, walianza kwenye sinki la vyombo. Hao ndio wakali zaidi kwa visu, na ndio wanaokwama kupanda cheo kwa kukosa karatasi.

9. Kama ada haipo, au umeshapika miaka mingi

Ada ikikushinda, fuatilia matangazo ya mafunzo ya uanagenzi yanayoratibiwa na serikali kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Mwanafunzi husoma chuoni kwa sehemu na sehemu kubwa hufanya kazi hotelini, na gharama ya mafunzo huwa imebebwa. Nafasi hutangazwa kwa vipindi na hufungwa haraka, kwa hiyo vyeti vyako viwe tayari.

Na wewe dada uliyeendesha genge la mama lishe miaka kumi, au kaka uliyepanda kutoka sinkini hadi kwenye grili bila cheti, usianze darasa la kwanza. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Hupimwa unachojua kwa vitendo na kwa maswali, mapengo yakionekana unapewa mafunzo ya kuyaziba, kisha unatunukiwa cheti cha ngazi unayostahili. Fika ofisi ya VETA ya kanda au chuo chao kilicho karibu, uliza upishi unapimwa lini. Beba kitambulisho, barua ya mwajiri au ya serikali ya mtaa inayothibitisha unapofanyia kazi, na picha chache za kazi yako kama unazo. Wiki ya kupimwa panga mtu wa kukushikia genge, maana kipimo cha vitendo kinaweza kula siku nzima.